Kijana wa Bendera Si Ukuta

Kila gari likivamia mahali watu wanapotengeneza barabara na kuua, maelezo huwa yale yale. Dereva alikuwa kasi. Dereva alipuuza ishara. Dereva alikuwa amelewa. Polisi wanasema hivyo, mkandarasi anasema hivyo, nasi mitandaoni tunaongeza chumvi: Wakenya hawana nidhamu barabarani. Kesho yake koni zile zile tatu zinarudishwa pale pale, na kijana mwingine anapewa bendera.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo maelezo haya nayajua vizuri. Sisi tunayaita kosa la mtumiaji. Ni kisingizio kitamu sana kwa sababu mara nyingi ni kweli! Mtumiaji kweli alikosea. Ulimwomba nambari ya simu, mmoja akaandika 07, mwingine akaanza na +254, wa tatu akaandika jina la shamba lao, na wa nne akabandika amri ya kufuta hifadhidata yako yote. Sasa mwambie bosi wako kwamba seva imeanguka kwa sababu watu hawakujaza fomu vizuri, uone kama utakuwa na kazi Jumatatu. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa kuhusu usalama ni hili: usiamini kinachotoka nje. Chochote kinachoweza kuandikwa kwenye kisanduku kile, siku moja kitaandikwa.

Sasa tazama barabara inayojengwa. Kinachotoka nje ni magari. Leo kati ya magari elfu kadhaa yatakayopita hapo, liko moja ambalo dereva wake hajalala tangu Malaba. Liko lingine lenye taa moja. Yuko anayesoma ujumbe kwenye simu, yuko aliyetoka harusini, na lipo lori ambalo breki zake zimepata moto kwenye mteremko. Sisemi ni watu wazuri. Nasema watapita leo, na kesho watapita wengine kama wao. Mpango wa usalama unaofanya kazi tu kama wote hao watakuwa na akili timamu kwa wakati mmoja si mpango, ni dua.

Tuache maneno tupige hesabu, maana hesabu hazina siasa.

Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kuona, kuelewa na kukanyaga breki: mita 33 zimekwisha kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla mita 68, na hilo ni gari dogo, zima, mchana. Lori lenye mzigo, breki za wastani, fanya mita 95. Mvua ikinyesha, ongeza.

Sasa muweke mshika bendera baada ya kona, dereva amuone akiwa mita 40. Fanya hesabu mwenyewe: dereva huyo ambaye hana kosa lolote zaidi ya kwenda kwa mwendo unaoruhusiwa atamfikia kijana akiwa bado kwenye zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Yule aliyekuwa anakuja kwa kilomita 50 atasimama akiwa na mita tano za ziada. Tofauti kati ya maiti na salamu iliamuliwa kilomita nzima nyuma, na mtu aliyeweka (au hakuweka) kibao cha kupunguza mwendo. Kijana na bendera yake hawakuwa na la kuamua.

Na haya mambo hayahitaji kuvumbuliwa. Marekani wana kitabu chao cha alama za barabarani, MUTCD, tangu mwaka 1935. Toleo la 11 lilitoka Desemba 2023, na liko kwenye intaneti bure. Humo eneo la kazi limegawanywa sehemu nne: sehemu ya kuonya, sehemu ya kuhamisha magari kutoka njia yake, sehemu ya kazi yenyewe, na sehemu ya kurudisha magari njiani. Ndani ya sehemu ya kazi kuna nafasi tupu mbele ya wafanyakazi. Tupu kabisa: hapawekwi kokoto, haliegeshwi greda, hapaketi mtu kula chapati. Ni kwa ajili ya yule dereva ambaye hakuona kitu, awe na mahali pa kukosea bila kuua.

Ile sehemu ya kuhamisha magari ina fomula. Chukua upana wa njia unayoifunga kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, gawanya kwa 1.6. Njia ya mita 3.6 kwa mwendo wa 80: mita 180. Hizo ni koni zinazosogea polepole kutoka ukingoni hadi katikati kwa mita 180, moja kila mita 15 hivi, yaani koni 13 kwa mshazari huo peke yake, kabla hujafika kwa mfanyakazi wa kwanza. Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho kuona koni 13 zimepangwa hivyo nje ya mji ilikuwa lini? Tunachokiona ni koni tatu, pipa moja, na tawi la mti. Tawi! Na pipa lenyewe likiwa limejazwa zege, basi limeondoa tatizo la mfanyakazi na kumletea dereva kifo chake. Kizuizi kilichowekwa vibaya kinaua kama kutokuwa na kizuizi, na Marekani wanalijua hilo: mwaka 2021 watu 956 walikufa kwenye ajali za maeneo ya ujenzi wa barabara, na wengi wao hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa ndani ya magari.

Kwa hivyo ukisikia "usalama wa wafanyakazi" usidhani ni jambo la vibarua wenye kofia za manjano. Ni wewe na watoto wako kwenye kiti cha nyuma, saa mbili usiku, unakuta lami imeisha ghafla na mtaro umefunguka.

Hapo kwa giza nataka nikae kidogo. Rangi ile ya manjano kali ya vesti inafanya kazi kwa mwanga wa jua. Jua likizama, kitambaa hicho ni kitambaa tu. Kinachookoa mtu usiku ni ule utepe wa fedha, wenye vijichembe vya kioo vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka. Vesti ikiwa na vumbi la murram, imefuliwa mara mia, au utepe ni wa bei ya chini uliochunika, hairudishi kitu. Na kama gari halina taa, hata utepe mpya hauna mwanga wa kurudisha. Taa za kawaida zilizoshushwa zinamulika vizuri kama mita 50. Rudi juu kwenye hesabu zangu uone mita 50 zinatosha nini. Bendera nyekundu usiku ni kitambaa cheusi. Ndiyo maana MUTCD inataka mshika ishara awe na kibao chenye maandishi kinachong'aa usiku, na bendera ibaki kwa dharura tu. Kwetu dharura imekuwa ajira.

(Kuna kitu kimoja lakini nakipenda sana kwenye barabara zetu. Njia moja imefungwa, magari yanapita kwa zamu, na washika bendera wawili hawaonani. Wanafanyaje? Wa huku anampa dereva wa mwisho kijiti, akikabidhi kule, yule wa kule anajua njia iko wazi. Wenzangu wa programu mnakijua hicho: ni kufuli, anayekishika ndiye mwenye njia. Hakuna betri, hakuna mtandao, kinafanya kazi. Kinaharibika tu pale bodaboda inapopenya kando bila kijiti na kukutana uso kwa uso na lori. Hata hivyo aliyekibuni alifikiria mfumo, hakuhubiri.)

Sasa nisikilize kuhusu pesa, maana hapa ndipo penye uongo mkubwa. Tunaambiwa nchi ni maskini, hatuwezi kuweka mambo ya Ulaya. Fungua zabuni yoyote ya barabara iliyofuata vipimo sanifu vya ujenzi wa barabara na madaraja vya mwaka 1986. Kuna Bili Namba 15, kupitisha magari wakati wa ujenzi. Imo! Tunailipia! Mchepuko, kuutunza, kuongoza magari, yote yana mstari wake. Lakini angalia yalivyoandikwa. Udongo unahesabiwa kwa mita za ujazo. Lami inapimwa kwa lita. Ukifika usalama wa magari na watu, mara nyingi unakuta jumla moja: kiasi hiki, kwa kazi yote. Hakuna idadi ya koni, hakuna mita za kizuizi, hakuna taa ngapi kwa usiku mangapi.

Wewe ukiwa mkandarasi utafanya nini? Kokoto ikipungua, mhandisi anapima na kukukata pesa. Koni zikipungua, jumla ni ile ile, na kila koni ambayo hukununua ni faida. Sihitaji kumwita mtu mwizi hapa. Mkataba umeandikwa hivyo: kilichohesabiwa kitafanyika, kisichohesabiwa kitasahaulika. Andika mstari unaosema mita 180 za koni kwa kila njia inayofungwa, kwa siku, zinalipwa zikiwepo na hazilipwi zisipokuwepo, halafu uone koni zitakavyomea kama uyoga.

Na si lazima kila kitu kinunuliwe nje. Lori la mkandarasi lililojaa mchanga, likaegeshwa nyuma ya wafanyakazi upande magari yanakotoka, linaweza kulizuia gari lisilokuwa na breki. Sharti moja: libaki na nafasi mbele yake, kwa sababu likigongwa litasogea, na ukiwaweka watu karibu na bampa lake umewageuza kuwa breki. Kwa anayeligonga si zuri, ndiyo maana wenye pesa hufunga mto wa kufyonza mgongano nyuma ya lori kama hilo. Hata bila huo mto, lori hilo liko pale pale kazini. Mara nyingi limeegeshwa upande mwingine, kwenye kivuli.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mwishoni mwa Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Kazi hiyo inafanyika huku magari yakiendelea kupita, na magari yenyewe ni malori ya Uganda, mabasi ya magharibi, matatu, na kila mtu anayekwenda mashambani Desemba. Barabara hiyo inapita Salgaa na Sachang'wan, majina ambayo hayahitaji maelezo kwa Mkenya. Mbele yake kidogo, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, tarehe 30 Juni 2023 lori lilivamia wachuuzi na wasafiri katika makutano ya Londiani na watu 52 wakafa. Waliokufa Londiani walikuwa wamesimama kando ya barabara kuu, bila kitu kati yao na lori. Mfanyakazi wa barabara analipwa kusimama hivyo hivyo, mita mbili kutoka kwenye magurudumu, saa nane kwa siku.

Na Karai, Naivasha, Desemba 2016: lori likapoteza mwelekeo, likagonga mengine na kulipuka, watu zaidi ya 30 wakaungua. Taarifa za wakati ule zilitaja tuta lisilokuwa na alama. Barabara ilibadilika, na hakuna aliyemwambia dereva. Mchepuko usiokuwa na alama ni kitu hicho hicho.

Najua kuna atakayesema kanuni bila nidhamu ni karatasi. Kweli. Ndiyo maana nataka ukumbuke John Michuki. Mwaka 2003 alipotoa kanuni za matatu, zilizoanza kutumika Februari 2004, hakutoa hotuba ya upendo barabarani akaishia hapo. Alilazimisha kidhibiti mwendo cha kilomita 80 na mikanda ya usalama. Hakumwamini dereva, akaweka chuma kati ya mguu wake na injini. Watu wakapenda, wakachukia, wakatii. Baadaye ilipolegezwa, vidhibiti vikaanza kuchezewa na mambo yakarudi yalivyokuwa. Chuma kikitolewa hotuba haitoshi.

Wala sidai wenzetu ni malaika. Tarehe 22 Machi 2023, kwenye barabara ya mzunguko ya Baltimore, I-695, wafanyakazi sita waliuawa mchana kweupe wakiwa nyuma ya kuta za zege. Magari mawili yalikuwa yanakimbizana kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, yakagusana, moja likaingia eneo la kazi. Liliingia wapi? Kwenye pengo la ukuta, lililoachwa ili magari ya kazi yaweze kuingia na kutoka. Madereva walishtakiwa, na ilistahili. Lakini mwandishi wa programu akisoma habari hiyo jicho lake linakwenda kwenye pengo. Ukuta wote ulikuwa sawa, isipokuwa mahali pamoja ambapo mfumo ulikubali kuamini.

Mji ule ule, mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Machi 2024. Meli ya Dali inapoteza umeme na kuelekea daraja la Francis Scott Key. Onyo linawafikia polisi, magari yanazuiwa pande zote mbili, madereva wengi wanapona. Juu ya daraja kuna watu wanaoziba mashimo usiku. Onyo halikuwafikia kwa wakati. Sita wakafa. Kulikuwa na njia ya kuwaambia madereva, hakukuwa na njia ya kuwaambia wafanyakazi. Huku kwetu swali ni dogo zaidi: kijana wa bendera akiona lori halisimami, wenzake walio mita 100 nyuma yake, na greda inanguruma, watajuaje? Filimbi? Nimepita maeneo ya ujenzi ambapo hata filimbi haipo.

Nafika kwa wenzangu wa teknolojia, ambao najua wameshaanza kuchora aplikesheni kichwani. Tulieni. Aplikesheni haizuii lori. Ukiniletea ramani yenye nyota nyekundu wakati mita 180 za koni hazipo, umepamba kaburi. Lakini koni zikiwepo, kuna kazi moja ni yetu, na ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Barabara ikifungwa, KeNHA au KURA hutoa tangazo, na mara nyingi linasambazwa mtandaoni kama picha. Barua yenye nembo, imepigwa picha, imewekwa. Binadamu anaisoma akiwa na muda. Waze haiisomi. Basi la usiku linalotoka Busia haliisomi. Marekani walilazimika kutengeneza muundo mmoja wa data kwa ajili hii, WZDx, faili ya kawaida ya GeoJSON: barabara gani, kuanzia wapi hadi wapi, njia zipi zimefungwa, tangu lini hadi lini, na kama wafanyakazi wako pale sasa hivi. Hakuna uchawi humo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiandika wikendi moja.

Na msiniambie Wakenya hatuwezi. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, ulizunguka jiji na simu ukaandika njia za matatu katika muundo wa GTFS, ramani ikatoka 2014. Njia za matatu! Kitu ambacho hakuna ofisi iliyokuwa nacho kwa ukamilifu. Eneo la ujenzi ni rahisi zaidi, kwa sababu mhandisi tayari ana kilomita za kuanzia na za kuishia kwenye mkataba wake. Anachohitaji ni kutozigeuza kuwa picha.

La mwisho ni jedwali. NTSA hutoa hesabu za vifo vya barabarani. Mwaka 2024 walikuwa watu 4,748. Waathiriwa wamepangwa kwa safu: watembea kwa miguu, madereva, abiria, waendesha pikipiki, abiria wa pikipiki, waendesha baiskeli. Mtafute mfanyakazi wa barabara. Hayupo. Akigongwa akiwa na sepetu mkononi, anahesabiwa kama mtu aliyekuwa anatembea. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtambua kama mfanyakazi, ile ya fidia ya mwaka huo huo pia, lakini kwenye jedwali ambalo magazeti yanalinukuu na mawaziri wanalisoma, alikuwa mpita njia. Hatuwezi hata kubishana kama hali inakuwa mbaya au nzuri.

Ongezeni safu moja ya mfanyakazi, na alama moja ya ndiyo au hapana: je, ajali ilitokea mahali pa ujenzi? Kwenye hifadhidata ni amri mbili fupi. Polisi wa trafiki anayeandika ripoti hahitaji kufanya utafiti, maana amesimama kando ya koni.

Na kama una mpango wa kuongoza magari wa kipande chochote cha Rironi hadi Mau Summit, ule ulioambatanishwa kwenye mkataba na si ule wa kwenye mabango, nitumie. Nitauweka hapa pamoja na hesabu zake, mita kwa mita, halafu twende tukazihesabu koni.